Enzi za Kale ni za Nani?

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kiongozi hubuni dunia ya kale na wenzake huigiza watu wake. Mchezo wenyewe hatuugombi. Tunagomba na kasumba ya kudhani kwamba enzi za kale ni ngome za Ulaya na wapanda farasi waliovaa chuma, basi.

Kijana wa Mutuka ahangaike kwa nini na theluji asiyopata kuigusa? Kaskazini yake, kupita Ziwa Manyara, yapo magofu ya Engaruka, ambako kati ya karne ya 15 na ya 18 wakulima walijenga makinga ya mawe na mifereji. Mwaka wa ukame, nani afungue maji? Mtu akiiba zamu ya mwenzake, ahukumiwe na nani? Hapo pana mchezo wa siku nyingi, wala joka halihitajiki. (Anayependa mazimwi, bibi zetu wanayo ya kutosha.) Kilwa nayo ilikwisha kuwa na sultani na msikiti wa mawe Ibn Battuta alipoizuru mwaka 1331.

Wako walimu watakaouita huu utoto. Nao wajaribu kukiongoza kijiji cha Engaruka kwa jioni moja tu, bila kujua maji yalishuka kutoka wapi na mtama ulivunwa lini.