Dengu za Nazi kwa Chakula cha Mchana

Majuzi adhuhuri nilibisha hodi kwa jirani, nikamkuta akikifunika chungu chake upesi. "Leo hatuna kitoweo, dada, ni dengu tu," akasema kwa haya. Nilimwomba nionje. Dengu zilikuwa ngumu, watoto wamezibakiza sahanini. Kosa halikuwa kukosa nyama. Alizitia nyanya mapema mno.

Kazi ya dengu huanza usiku. Baada ya Isha, chagua vikombe 2 vya dengu kavu, utoe vijiwe, uzioshe na kuziloweka katika maji mengi, kwani huvimba sana. Asubuhi mwaga maji hayo, uziteleke kwa maji mapya bila nyanya wala ndimu, maana ukali wake huzuia dengu kulainika. Zichemke hata ukiibana moja kwa vidole ibonyee yenyewe. Huenda ikapita saa 1 na zaidi, usizikimbize.

Ndipo ukaange kitunguu, thomu na bizari, utie nyanya hadi zirojeke, kisha dengu na tui jepesi. Tui zito liwe la mwisho, ukikoroga polepole lisikatike. Ndimu ikamuliwe chungu kikishaepuliwa. Kwa wali au chapati, mimi sioni pengo la nyama.

Jumapili jirani alimtuma mwanawe kwangu na bakuli lililofunikwa kawa. Dengu zilikuwa laini kabisa. Chumvi tu ndiyo iliyozidi kidogo.