Maduka ya Santuri ya Mombasa: Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yasadifu hali ya maduka ya santuri ya Mombasa. Katika miaka ya 1960 na 1970, duka la santuri halikuwa pahali pa kuuzia tu. Assanand & Sons ndio waliotoa santuri za lebo ya Mzuri, nao Mbwana Radio Service walirekodi na kusambaza kanda za taarabu. Kwa hakika, wenye maduka walikuwa wachapishaji wa ushairi wa Kimvita. Tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo, zikiimbwa na binamuye Juma Bhalo, ziliwafikia hata wasiowahi kufungua diwani.

Kaseti ziliipiku santuri, kisha intaneti ikazipiku kaseti. Wapo wanaodai kwamba hakuna kilichopotea, maadamu nyimbo zenyewe zingali zasikika. Wanataja mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, uliotoa upya taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Juhudi hizo zastahili pongezi. Hata hivyo, sauti si kumbukumbu yote.

Taarabu ni sanaa ya mafumbo. Lebo ya santuri ina nafasi ya jina la wimbo na la mwimbaji. Haina nafasi ya kisa. Nani aliyekusudiwa? Wimbo upi ulikuwa jibu la upi? Hayo yalizungumzwa dukani, baina ya muuzaji, msanii na mteja. Juma Bhalo mwenyewe aliaga dunia mwaka 2014, na kila mzee anayemfuata huondoka na ufunguo wa mafumbo kadhaa.

Yamkini idara za Kiswahili zimezama mno katika riwaya na tamthilia, ilhali ushairi huu wasubiri mhakiki. Wanafunzi wachache wangetumwa Mji wa Kale kuwahoji waliouza, walioimba na walionunua. Wakanukuu matini za nyimbo pamoja na visa vyake, kwa idhini ya wahusika au jamaa zao. Nakala zihifadhiwe katika maktaba za vyuo, na nyingine zibaki Mombasa kwenyewe.

Maduka hayo hayatarudi, wala si lazima yarudi. Linalodaiwa ni daftari, nalo laweza kuandikwa maadamu wenye habari wangali hai.