Mvua haina mnyonge wake
Safu ya Mzee wa Landhi

Imani kwamba mvua humpendelea mnyonge katika mashindano ya magari ni ya zamani nchini Kenya, na kwa kuwa ina chembe ya ukweli, imekuwa ngumu kung'oka kuliko uongo mtupu. Chembe hiyo inastahili heshima; sehemu iliyobaki, ambayo wiki hii ilihubiriwa kwa sauti kubwa Muthurwa, haistahili hata kivuli cha ule mwavuli wa mbavu tatu ambao wasomaji wa safu hii wameuvumilia tangu masika ya mwaka juzi.

Jumatano alasiri, mvua ilipowakusanya wapita njia chini ya turubai la muuza vitunguu, Mzee wa Landhi alijikuta bega kwa bega na makanga mmoja wa matatu za Jogoo Road, ambaye, baada ya kusikia redio ikitaja Safari Rally, aliwafundisha waliokuwepo kwamba maji yakishuka, gari la mamilioni na mkokoteni huwa kitu kimoja. "Mzee," alisema, "mvua ni ya mnyonge. Ni bahati tu." Kabla hajafunga mdomo, mkokoteni uliobeba magunia ya viazi ulizama hadi kwenye ekseli katika lango la yadi moja ya mizigo, na mwenye mkokoteni akaanza kushusha gunia mojamoja. Nyuma yake lilifika gari kubwa la aina ile ambayo injini yake husukuma magurudumu yote manne. Likapiga honi mara tatu, askari wa lango akafungua mnyororo wa njia ya kutokea, nalo likapitishwa huko bila kukanyaga tope. Makanga alicheka, na aliyechekwa alikuwa mwenye mkokoteni.

Kicheko hicho kiliiudhi safu hii kuliko maji yaliyoingia ndani ya gambuti, ambazo, kwa taarifa ya wanaouliza kila wiki, bado zote mbili ni za mguu wa kushoto.

Kuuita ushindi wa mvua bahati ni kuwatukana waliokesha wakiutafuta. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalifanyika kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, yaani masika yanapoingia, na katika mwaka 1963 magari 84 yalianza lakini 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Walioshinda, Nick Nowicki na Paddy Cliff, walikuwa wakazi wa Kenya waliokuwa ndani ya Peugeot 404, gari la familia ambalo lingeweza kumpeleka mtu kanisani. Mwaka 1968 magari yaliyofika yalikuwa tena 7, na waliotangulia walikuwa walewale wawili, katika gari la aina ileile. Bahati inayomjua mtu kwa jina na kumrudia baada ya miaka mitano inahitaji kutafutiwa neno jingine, na neno hilo ni ujuzi.

Sababu yenyewe haina uchawi wowote. Katika barabara kavu nguvu za injini hugeuka mwendo, na mwendo hununuliwa dukani. Katika udongo mweusi uliolowa magurudumu huteleza pasipo kushika, hivyo nguvu ya ziada humchimbia dereva shimo lake mwenyewe. Anayefaidika hapo ni yule anayejua ni mto gani hupungua kabla ya alfajiri, ni bonde lipi lina mawe chini ya maji, na ni wakati gani wa kuinua mguu, na ndiyo maana hakuna dereva wa ng'ambo aliyeshinda Safari hadi Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972. Hata baada ya hapo, mwaka 1974, Joginder Singh, fundi wa magari mzaliwa wa Kericho, aliiongoza Mitsubishi Lancer yenye injini ndogo ya lita 1.6 hadi mbele ya Porsche ya Björn Waldegård. Ulaya nako Olivier Panis alishinda Monaco iliyolowa mwaka 1996 akiwa na Ligier, baada ya kuanza katika nafasi ya 14. Lakini huko lami husafishwa, kwa hiyo tusizidishe sifa.

Jambo ambalo makanga hakulifikiria ni kwamba mvua ya Nowicki na Joginder ilikuwa mwamuzi kwa sababu moja tu: mto ulikuwa mmoja, na aliyekwama alikuwa amekwama. Safari ya leo, iliyorejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021 na kufanyika tena wakati wa Pasaka mwaka 2024, ina kanuni inayomruhusu aliyeharibikiwa leo kutengenezewa gari na kurudi kesho, akiwa ameongezewa muda wa adhabu. Toyota ilishinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025, na katika 2022 na 2023 ilichukua nafasi zote nne za kwanza. Madereva wake ni hodari, hilo halina ubishi, lakini tope halimtishi tena mwenye mafundi wengi kama linavyomtisha mwenye fundi mmoja na shemeji yake.

Ndivyo ilivyo Muthurwa, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ambako maji hushuka kwa usawa wa Mwenyezi Mungu na kupokewa kwa mpangilio wa binadamu. Mwenye mkokoteni hakukosa ujuzi, kwani alilitoa gurudumu kwa kipande cha ubao na hesabu ambayo Joginder angeipigia makofi. Alichokosa ni askari wa kumfungulia mnyororo.

Gunia la mwisho lilipopandishwa, mvua ilikuwa imepungua, na makanga, mhubiri wa wanyonge, alikuwa amekwisha kurudi mlangoni mwa matatu yake, akitangaza nauli mara mbili ya ile ya asubuhi.