Toba ya madodoso 43



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya swala ya Isha, watu walipokwisha kutoka msikitini hapa Pongwe, kijana mmoja alibaki amekaa. Namjua tangu akihifadhi Juzuu Amma. Sasa anasomea shahada ya uzamivu. (Ameniruhusu nisimulie, jina nalisitiri.) Akasema, "Shekhe, nimetubu, lakini moyo hautulii."

Utafiti wake unahusu matumizi ya vyandarua vijijini. Masika yaliharibu njia, fedha za bodaboda zikaisha, tarehe ya kukabidhi kazi ikakaribia. Akajifungia gesti, akajaza mwenyewe madodoso 43. Akawapa watu umri, akawapa watoto, akaandika kuwa usiku wa jana walilala ndani ya chandarua. Watu hao hakuwahi kuwaona.

Nikamuuliza, "Mwanangu, kwani chuoni hamkufundishwa maadili ya utafiti?" Akasema walifundishwa: semina ya siku moja, cheti, na onyo kwamba kompyuta itamnasa anayenakili kazi ya mwenzake.

Hapo ndipo nina neno. Programu ile hutambua maneno yaliyonakiliwa, haimtambui mtu wa kubuni. Madodoso yale 43 yangepita salama. Kijana alifundishwa kuogopa kukamatwa, na siku ile gesti hapakuwa na wa kumkamata.

Wanazuoni wetu wa hadithi hawakulea wanafunzi hivyo. Mwanafunzi alikaa na shekhe wake miaka, akimsikia anavyosema: hili nimelisikia kwa fulani, hili sikulisikia. Msimulizi aliyethibitika kumzulia Mtume ﷺ, riwaya zake ziliachwa. Hata mkweli aliyeanza kuchanganya mambo uzeeni, walibainisha nani alimsikia kabla na nani baada. Basi msimamizi wa tasnifu naye akae na mwanafunzi, afungue daftari la uwandani, aulize: nyumba hii ulifika lini? Nani alikupokea? Na amsimulie makosa aliyowahi kuyafanya yeye mwenyewe. Semina haifanyi kazi hiyo.

Utasema, madodoso 43 ni kitu gani? Mwaka 1998 Andrew Wakefield wa Uingereza aliandika kuhusu watoto 12 tu, akaihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida la The Lancet liliifuta makala hiyo mwaka 2010, baada ya miaka 12. Hofu yake mpaka leo watu wanatumiana kwenye simu.

Nasi watu wa mkoa wa Tanga tunaujua upande wa pili. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto. Mama aliyempeleka mwanawe kudungwa sindano hakusoma jedwali hata moja. Aliamini tu kwamba kitakachoandikwa ndicho kilichotokea. Hiyo ni amana.

Turudi kwa kijana. Toba ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Ikiwemo haki ya mja, uirudishe. Hapa kuna haki za wanakijiji ambao watu wa kubuni wamesemeshwa badala yao. Ukiandika kuwa wote wanalala kwenye chandarua, nani atawaletea vyandarua? Nikamwambia, istighfari haifuti mstari kwenye jedwali. Nenda kwa msimamizi wako, yataje yote 43, yatolewe.

Akalia. Mama yake aliuza shamba la michungwa ili asome. "Shekhe, wakinifukuza je?"

Sikuwa na jibu jepesi. Lakini walimu wa vyuo mnaonisoma, nawaomba: anayekuja mwenyewe kukiri kabla ya kukabidhi msimhukumu sawa na aliyenaswa. Mrudisheni vijijini akaulize upya, hata akichelewa mwaka.

Ameahidi kwenda Jumatatu. Mwombeeni dua.

Wallaahu a'lam.