Godauni la Pamoja: Usipoze Jengo Zima, Poza Mzigo

Wapambanaji wenzangu, hasa ninyi wa Mwanza, Ilemela, Magu, Sengerema na visiwani huko mnaouza kwa simu na kutuma mzigo kwa basi na meli.

Siku hizi kuna mtindo mzuri umeingia. Wauzaji watano, sita, hadi kumi wanachanga, wanakodi sehemu ya godauni pale Nyakato au Igoma, kila mtu anaweka mzigo wake, na oda zinafungwa hapo hapo. Naunga mkono kabisa, na mimi mwenyewe natunza losheni na siagi ya shea kwenye godauni la kuchangia. Ila kuna hoja inayoibuka kwenye kila kikundi, na leo nataka niipinge waziwazi: "Joto ni kali, tuchange tuweke AC kubwa moja godauni zima."

Msimamo wangu ni huu. Usipoze jengo, poza mzigo unaohitaji baridi. Na ukinunua mashine, nunua ndogo zinazoweza kuongezwa, usinunue moja kubwa. Hela ya kikundi mara nyingi ni ya mkopo au ya mchezo, ikizama kwenye mashine isiyofaa, kikundi kinavunjika na urafiki unaondoka nao.

Twende taratibu.

JOTO LINATOKA WAPI?

Mwanza yenyewe haina joto la kutisha. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana mara nyingi ni nyuzi 27 hadi 29, na usiku hushuka mpaka 18 hivi. Adui yetu ni bati.

Jua la saa saba mchana likiwa halina mawingu humwaga karibu kilowati 1 kwenye kila mita moja ya mraba ya paa. Hiyo ni nguvu ya pasi ya umeme. Sasa chukua godauni la mita 10 kwa 20. Paa ni mita za mraba 200, kwa hiyo ni kama umepanga pasi 200 juu ya mzigo wako. Bati lililopata kutu au lenye rangi iliyokolea hunyonya sehemu kubwa ya joto hilo na kulishusha chini. Halafu unataka kushindana nalo kwa AC? Utalipa umeme kupigana na paa la mwenye nyumba.

Fanya jaribio dogo. Chukua vipimajoto viwili, kimoja weka sakafuni, kingine shelfu ya juu kabisa, soma saa tisa alasiri. Cha juu kitasoma zaidi, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Kama katoni za lipstiki na chokoleti zako ziko huko juu, zishushe leo hii. Hiyo ni bure.

KWANZA HEWA, HALAFU MASHINE

Kabla ya kununua chochote, mwombe mwenye godauni mambo matatu. Hata mkigawana gharama, bado ni nafuu.

1. Rangi nyeupe juu ya bati. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto.

2. Njia ya hewa ya moto kutoka juu. Zile kofia zinazozunguka zenyewe kwa upepo hazili umeme hata senti. Lakini hazifai kitu kama huna matundu ya chini ya kuingizia hewa. Hewa haitoki kama hakuna nyingine inayoingia.

3. Tumia ziwa. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Wavuvi wanalijua hili vizuri. Matundu ya chini yawe upande unaopokea upepo wa ziwani, yawekewe wavu imara wa kuzuia wadudu na panya. Na kama godauni lina mlinzi, matundu yabaki wazi usiku ili hewa baridi ioshe jengo.

Kuna dada mmoja kwenye kikundi chetu huwa anasema, "Lakini vijana wanaofunga oda wanatoka jasho, wanastahili ubaridi." Ni kweli wanastahili. Ila mtu anahitaji hewa inayotembea. Feni moja hula wati 50 hadi 75 hivi. AC ya BTU 12,000 ya kawaida hula kama wati 1,000. Kwa umeme wa AC moja unawasha feni zaidi ya kumi. Paa likiwa jeupe na hewa inatoka, feni inatosha kwa mtu. Haitoshi kwa chokoleti, na hapo ndipo tunaingia kwenye mashine.

CHUMBA NDANI YA GODAUNI

Jiulize ukweli: katika mzigo wote uliopo, ni upi unaohitaji baridi? Mitumba haihitaji. Viatu, sufuria na vyombo vya plastiki havihitaji. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24, ila yakiyeyuka hayajaharibika, mwambie tu mteja. Siagi ya shea huanza kulegea kwenye nyuzi thelathini na kitu, na ikiyeyuka na kuganda mara kwa mara inakuwa na chengachenga. Lipstiki, chokoleti, na betri za simu hazipendi joto. Soma pia lebo, nyingi zimeandika kabisa nyuzi za kuhifadhia.

Kwa vikundi vingi nilivyoviona, mzigo wa namna hiyo ni kona tu ya godauni. Basi jenga chumba kwenye kona hiyo: mita 4 kwa 5, kimo mita 2.5, chenye kuta na dari za paneli za bati zenye fomu katikati, zile zile za vyumba vya baridi. Zinaunganishwa kwa kulabu, na siku mwenye nyumba akipandisha kodi mnazifungua mnahama nazo. Mabomba ya AC kubwa yaliyotundikwa kwenye dari la mtu mtamwachia yeye.

Hesabu sasa. Mafundi wengi hukadiria karibu BTU 600 kwa mita ya mraba. Chumba cha mita 20 za mraba kinataka BTU 12,000, yaani mashine moja ndogo ya ukutani. Godauni la mita 200 za mraba linataka BTU 120,000, na hapo sijahesabu kimo wala zile pasi 200 za paani.

Mashine ya BTU 12,000 ikifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26, inakula karibu uniti 208. Kwa bei ya T1, ambayo pamoja na kodi ni kama shilingi 356 kwa uniti, ni elfu 74 kwa mwezi. Mkiwa watano ni kama elfu 15 kila mmoja. Godauni zima ni mara kumi: laki saba na elfu arobaini. Kwa losheni ngapi?

Na wewe unayeuzia nyumbani, angalia sana. Ile bei ya chini ya LUKU ni ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. AC ya saa 8 kwa siku inamaliza uniti hizo ndani ya siku kumi. Baada ya hapo taa zenu, pasi yenu na friji yenu vyote vinaingia bei ya juu. Piga hesabu hiyo kabla ya kusema AC ni ya biashara tu.

KWA NINI NDOGO NYINGI, SI KUBWA MOJA

AC, friji na friza ni ndugu wa tumbo moja. Zote ni pampu za joto: hazitengenezi baridi, zinachota joto mahali pamoja na kulimwaga pengine. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha joto la uniti tatu hivi. Huko Ulaya kumbi kubwa za viwanda zinawekewa pampu za namna hii zilizopangwa kwa vipande: nyingi za ukubwa wa kati zinazosaidiana, zinapasha wakati wa baridi, zinapoza wakati wa joto, na mahitaji yakipungua nyingine zinazimwa. Sisi hatuhitaji kupasha ukumbi, ila mpango huo unatufaa kwa sababu nne.

Moja, mashine ikifa hamfi wote. Mbili ndogo, moja ikiharibika, nyingine inashikilia mpaka fundi aje.

Mbili, umeme. Kubwa nyingi zinadai fezi tatu. Ndogo zinatumia umeme wa kawaida, ilimradi kila moja ina waya wake na kinga yake. Umeme ukikatika na kurudi, kinga ichelewe dakika tatu hivi kabla ya kuwasha, vinginevyo kompresa inaumia.

Tatu, mnakua kwa hatua. Msimu wa sikukuu mzigo ukiongezeka, mnaongeza paneli na mashine nyingine. Biashara ikipungua, mnauza moja.

Nne, kila mzigo na nyuzi zake. AC ya kawaida haishuki chini ya nyuzi 16. Usidanganyike kuweka minofu ya sangara humo. Samaki mbichi anataka barafu, karibu na nyuzi 0, na wa kugandisha anataka 18 chini ya sifuri. Hicho ni chumba kingine na mashine nyingine kabisa.

DAGAA NAO JE?

Wauzaji wa dagaa wa Kirumba Mwaloni ni wengi mtandaoni, na ninyi shida yenu ni kinyume: mnataka joto. Mvua za Machi hadi Mei na za mwisho wa mwaka zikishika, dagaa wa mchangani hawakauki, wanaishia kuwa chakula cha kuku. Pampu ya joto hiyo hiyo inaweza kukausha, kwa sababu inatoa maji kwenye hewa na kurudisha hewa kavu yenye nyuzi 40 hadi 50. Kikundi cha dagaa kinaweza kuanza na chumba kimoja kidogo. Ila tafadhali, kisiwe kimoja na chetu. Hewa ya dagaa iwe na njia yake ya kutokea. Mteja wa gauni hasamehi harufu.

MITEGO YA KUKWEPA

Kile kipande cha nje cha AC kiwe nje kweli, kivulini. Nimeona godauni ambako fundi amekifunga ndani ili kisiibiwe. Joto linatolewa chumbani linamwagwa ukumbini, wafungaji oda wanaiva. Kiweke nje, kijengee kizimba cha nondo chenye nafasi ya hewa.

Usinunue AC iliyotumika yenye gesi ya R22 kwa sababu ni rahisi. Chini ya Mkataba wa Montreal gesi hiyo inaondolewa, na nchi zinazoendelea zina lengo la 2030. Ikivuja utahangaika. Soma kibandiko: R32 au R410A, na iwe ya inveta kama mfuko unaruhusu.

Andikeni makubaliano: mashine ni ya nani, anayetoka kikundini anarudishiwa nini, LUKU inagawanywa vipi. Mwenye katoni mbili asilipe sawa na mwenye arobaini. Sisi tunagawana kwa shelfu.

Najua AC kubwa inapendeza kwenye video ya kuonyesha godauni. Mteja hainunui hiyo. Ananunua losheni ifike Bukoba ikiwa vile vile ilivyotoka kiwandani.

Sasa zamu yako. Andika kwenye maoni: unauza nini, stoo yako ina mita ngapi, na paa ni la namna gani. Kama kikundi chenu kiko karibu kutoa hela ya AC kubwa, mpelekee mweka hazina wenu ujumbe huu kabla hajatuma.