Gari la ugenini lisinyanyuliwe nusu nusu

Ratiba ya ligi ikitoka, shabiki wa kweli haanzi na mechi za nyumbani. Anaanza na ugenini. Anatafuta tarehe ya Kaitaba kule Bukoba, ya Sokoine pale Mbeya, ya Majaliwa kule Ruangwa na ya Lake Tanganyika kule Kigoma. Akishazipata, linakuja swali la pili: safari hii inakwendaje?

Matawi mengi hujibu kwa basi au Coaster. Lakini lipo kundi jingine la wana ambao huchangishana mafuta na kujaa kwenye Prado, Surf au Land Cruiser ya mwenzao. Na mara nyingi gari hilo haliendi kama lilivyotoka kiwandani. Limenyanyuliwa. Springi ndefu, tairi kubwa, bendera ya timu juu ya keria, ngoma nyuma. Likikatiza mtaani kila mtu anageuka.

Kunyanyua gari si dhambi. Nchi hii ni kubwa, mvua ni mvua, na njia ya mchepuko ikishalowa haichagui gari la tajiri wala la maskini. Gari lililo juu linapita pale ambapo jingine linakwaruza tumbo na kubaki. Ubaya unaanza pale kazi inapoishia nusu: springi zinawekwa, gari linaoshwa, picha zinapigwa, halafu mfumo mzima wa nyuma unaachwa na vipimo vyake vya zamani. Gari la namna hiyo ndilo linalopakia watu saba na kushuka Kitonga usiku, timu imeshinda, kila mtu anaimba. Hapo ndipo mzaha unapoisha.

Mtu wa mpira atalielewa hili haraka. Kocha akiamua kupandisha mabeki wake mpaka karibu na mstari wa kati, hawezi kumwacha kipa amesimama golini na viungo wakae palepale walipokuwa. Ukisogeza mstari mmoja, timu nzima lazima isogee. Asipofanya hivyo, mpira mmoja mrefu nyuma ya mabeki unatosha kummaliza. Ekseli ya nyuma ya gari iko hivyohivyo.

Kwenye Prado, Land Cruiser 80 na Patrol zenye springi za koili, ekseli ya nyuma haishikwi na springi. Springi inabeba uzito tu. Kinachoiweka ekseli mahali pake ni vyuma vitano. Vinne ni amu zinazotoka kwenye chesisi kwenda nyuma, mbili za juu na mbili za chini. Hizi zinazuia ekseli isiende mbele, isirudi nyuma wala isijizungushe. Cha tano ni rodi ndefu iliyokingama kutoka upande mmoja wa gari kwenda mwingine, ile inayoitwa rodi ya Panhard. Mwisho wake mmoja uko kwenye chesisi, mwingine uko kwenye ekseli, na kazi yake ni kuzuia ekseli isihame kulia au kushoto.

Vyuma vyote vitano vina urefu wa kudumu. Gari likinyanyuliwa, chesisi inapanda lakini urefu wa vyuma haubadiliki. Kinachobadilika ni mlalo wake: vilivyokuwa vimelala karibu sawa na ardhi sasa vinainama. Matatizo yote ya nyuma yanaanzia hapo.

Rodi ya Panhard ndiyo ya kwanza kulipa deni. Chukua rodi ya urefu wa mita moja ambayo mwisho wake wa kwenye ekseli uko sentimita 10 chini kuliko ule wa kwenye chesisi. Nyanyua gari sentimita 5 na rodi hiyo inaivuta ekseli pembeni kwa karibu milimita 6. Nyanyua sentimita 10 na ekseli inahama karibu milimita 15. Yaani ukizidisha unyanyuaji mara mbili, kuhama kunazidi mara mbili. Tairi za nyuma hazifuati tena mstari wa zile za mbele, gari linatembea upande kama kaa, na tairi kubwa ya upande mmoja inaanza kulamba bodi kwenye mashimo. Zaidi ya hapo, rodi iliyoinama sana inaisukuma ekseli kulia na kushoto kila tairi zinapopanda na kushuka. Dereva anasikia nyuma inatikisika na kulaumu tairi.

Amu za chini zina hatari kubwa zaidi kwa sababu haionekani kwa macho. Zikishainama kuelekea nyuma, tairi inayopanda inarudi nyuma kidogo, na inayoshuka inakwenda mbele. Sasa gari likiingia kwenye kona kwa mwendo, bodi inalalia nje. Tairi ya nje inapanda na kurudi nyuma, ya ndani inashuka na kusogea mbele. Matokeo yake ekseli nzima inajigeuza, na tairi za nyuma zinaelekea nje ya kona bila dereva kugusa usukani. Nyuma inataka kuchomoka. Kwenye barabara ya vumbi, au lami iliyolowa, na watu saba ndani, hicho si kitu cha kujifunzia njiani.

Halafu kuna difu. Amu zikibadilika mlalo, ekseli nayo inajizungusha kidogo, na pua ya difu inayopokea propela inatazama pengine. Propela ya nyuma ya kawaida ina krosi mbili, moja mbele na moja nyuma, na zinatakiwa zipinde kwa kiasi kinacholingana ili mtikisiko wa moja ufutwe na wa nyingine. Zisipolingana, gari linaunguruma kadiri mwendo unavyopanda, na krosi zinakufa kabla ya wakati. Propela ikikatika katikati ya pori, siku hiyo mechi mtaisikiliza redioni.

La breki ndilo linalosahaulika kuliko yote. Magari mengi ya aina hii yana vali ya breki za nyuma inayosoma mzigo. Inaunganishwa na ekseli kwa kijiti. Bodi ikishuka karibu na ekseli, vali inaelewa kwamba gari limepakia, inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Bodi ikiwa juu, inaelewa gari ni tupu, inapunguza. Nyanyua gari bila kurekebisha kijiti hicho na vali inadanganyika: kwa hesabu yake, gari limebeba kidogo kuliko uhalisia. Watu saba wamo, mabegi yamo, ngoma imo, lakini breki za nyuma zinapewa kazi pungufu na mzigo mkubwa unabebwa na za mbele. Mteremko wa Kitonga au Sekenke hausikilizi maelezo ya namna hiyo.

Dawa ipo, na haihitaji kwenda ng'ambo kuitafuta. Kwa ekseli iliyohama, inafungwa rodi ya Panhard inayorefushwa na kufupishwa, inarekebishwa mpaka ekseli inarudi katikati. Ila rodi hiyo peke yake inarudisha ekseli tu, hairudishi mlalo. Gari lililonyanyuliwa sana linahitaji breketi imara inayopandisha mwisho wa rodi ule wa kwenye ekseli, ili rodi ilale tena. Breketi hiyo ina faida nyingine: inapunguza bodi kulalia upande kwenye kona, kwa sababu inapandisha ile sehemu ambayo bodi inaizunguka inapolala.

Kwa amu za chini, zipo breketi zinazoshusha mwisho wa kwenye chesisi ili amu ziwe tambarare tena. Kwa pua ya difu, amu za juu zinazorekebishika urefu ndizo zinazoirudisha mahali pake. Gari zenye springi za majani, kama Land Cruiser nyingi za kazi na pikapu, hazina amu wala rodi hiyo, lakini nazo haziko salama. Kipande cha chuma kikiwekwa kati ya springi na ekseli, au shako ikirefushwa, difu inaweza kugeuza pua. Huko kabari iliyochongwa kwa pembe sahihi ndiyo inayorekebisha.

Kisha vinafuata vile vidogo vinavyoonekana si kitu. Shokapu ndefu zinazolingana na springi mpya, maana za zamani zinafika mwisho wa mvuto kila gari linapovuka tuta na kupasuka mapema. Mpira wa breki wa nyuma wenye urefu wa kutosha usivutike ekseli inaponing'inia. Kijiti cha vali ya breki kurekebishwa. Na bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwenye tairi zake. Zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira wa bushi unabaki umejisokota muda wote na hautachukua muda kuchanika.

Yapo maneno mawili yanayosikika vijiweni kila jambo hili linapotajwa. La kwanza: "Gari la fulani limenyanyuliwa miaka yote na halijawahi kuleta shida." Inawezekana. Huenda lilinyanyuliwa sentimita 2 au 3, na kiasi hicho magari mengi hukivumilia. Huenda pia linatembea mjini, dereva peke yake, mwendo wa foleni. Gari la aina hiyo halijawahi kuulizwa swali gumu. Timu inayocheza mechi za kirafiki tu nayo haijawahi kushuka daraja.

La pili ni la pesa, na hili lina ukweli ndani yake. Rodi, amu na breketi vinaongeza gharama juu ya springi, na mwenye gari tayari ameshajikamua. Lakini kama pesa ya kumaliza kazi haipo, jibu la haki ni kunyanyua kidogo, au kusubiri. Kununua urefu kwa pesa na kulipia iliyobaki kwa roho za abiria si kubana matumizi. Na hao abiria ni washikaji waliochanga mafuta wakiamini gari liko sawa.

Fundi naye ana sehemu yake. Fundi mzuri hakabidhi gari lililonyanyuliwa kwa kulitazama tu na kusema limekaa poa. Anapima ekseli kulia na kushoto, anapima pembe ya propela na ya difu, anaangalia breki, kisha analiendesha. Na anapima mara mbili: gari likiwa tupu, na likiwa na uzito unaokaribia wa safari, kwa sababu springi zinashuka na pembe zote zinabadilika watu wakipanda. Kufunga chuma cha kuchomelea ovyo kwenye ekseli na kukiita breketi si ufundi. Chuma hicho kikiachia, ekseli haina tena cha kuishika upande.

Hata shabiki asiyejua spana anaweza kupima jambo moja. Gari lisimame mahali tambarare, kisha ipimwe nafasi kati ya ukingo wa bodi na ubavu wa tairi ya nyuma, kulia na kushoto. Ekseli iliyohama milimita 6 itaonyesha tofauti ya karibu milimita 12 kati ya pande hizo mbili, kwa kuwa kilichopungua huku kimeongezeka kule. Rula ya mwanafunzi inatosha.

Ndiyo maana kazi hii isiachiwe mwenye gari peke yake. Katibu wa tawi anayeandika majina ya wasafiri aulize maswali matatu kabla ya kumpangia mtu kiti: gari limenyanyuliwa kiasi gani, nyuma ilirekebishwa nini, na breki zilipimwa lini. Asipopata majibu, gari hilo libaki mtaani na watu wake watafutiwe nafasi kwenye basi. Klabu nazo, ambazo hufurahia kuona jukwaa la ugenini limejaa rangi zao, ziweke sentensi mbili za ukaguzi wa magari kwenye tangazo lilelile la kuhamasisha safari. Haitawagharimu kitu.

Shabiki anayesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kuisukuma timu yake ni mtu wa thamani. Wachezaji wanajua hivyo dakika ya 85 wakiwa nyuma kwa bao moja. Timu ikipoteza pointi tatu Sokoine, inazitafuta kwingine wiki inayofuata. Kiti kikibaki wazi kijiweni Jumatatu, hakuna mechi ya marudiano ya kukijaza. Kwa hiyo gari linaloingia gereji wiki hii litoke limemalizwa, mbele na nyuma, au lisipakie mtu.