Mfinyanzi Hulia Gaeni, Nasi Twamdai Karatasi

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Tumezoea kuitumia methali hii kumhurumia fundi anayewatengenezea wengine vyungu vizima, naye akabaki na kipande. Leo naomba tulitazame gae lenyewe, maana ndimo ilimojificha elimu yake.

Mfinyanzi wa Ngara au Biharamulo, aliyejifunza kwa macho na mikono yake, hahitaji duka la vifaa. Udongo hutoka bondeni. Kamba ya nyasi iliyosokotwa, ikiviringishwa juu ya chungu kibichi, huacha nakshi. Kokoto laini ya mtoni huung'arisha uso wake. Kuni, nyasi kavu na samadi humtosha kuchomea. Hata chungu kilichovunjika hakikosi kazi: kikisagwa na kuchanganywa na udongo mpya, chenga zake hupunguza kusinyaa, huupa mvuke njia ya kutokea, na hukisaidia chungu kustahimili moto bila kupasuka. Hiyo ni sayansi, ijapokuwa haikuandikwa ubaoni.

Tena ni sayansi kongwe. Vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali fulani Siaya, Kenya, vimefukuliwa pia mkoani Kagera. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, Peter Schmidt alichimba katika miaka ya 1970 na kukuta ushahidi wa uyeyushaji wa chuma wa takriban miaka 2,000 iliyopita. Vigae vya mafundi wasio na vyeti ndivyo tunavyovifundisha leo vyuoni.

Kwa nini basi mrithi wao tunamwita "asiyesoma"? Neno hilo lina gharama. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini mezani pa ofisa, karatasi husikika upesi kuliko chungu.

Wapo watakaosema kwamba sufuria na plastiki zimekwisha kumshinda. Sikubali. Mtungi bado hupoza maji bila umeme, na majiko mengi ya mkaa yanayookoa nishati yana kikombe cha udongo ndani yake. Soko lipo, kinachokosekana ni utambuzi.

VETA tayari inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ulioanza na fani kama useremala na uashi. Uwafikie na wafinyanzi, huko huko bondeni. Mtihani uwe chungu: kijazwe maji, kiwekwe motoni, kisha tuone.

Mimi mwenye shahada, nikikabidhiwa bonge la udongo, mtihani huo ningeufeli. Tuanze kwa kukiri hilo.